Bububu, Fuoni, Kisauni au Mwera? Kwa wanaotaka kuhama mjini na watoto

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananiuliza swali hili hili, na mara nyingi ni mama mwenzangu: nnataka kutoka mjini hapa Zanzibar, kodi imenishinda, nihamie wapi? Bas leo niandike mara moja tu tumalizane. Mie nshakaa Fuoni miaka mitatu, Bububu nimekaa kwa wakwe zangu mwaka na miezi, sahivi niko Kisauni, na Mwera nakwenda karibu kila wiki maana dada yangu kajenga huko. Kwa hivo nnayoyasema mengi si ya kusikia, ila na mie nna upande wangu na ntausema, msije mkasema nimewapotosha.

Kwanza mjue hali yetu ili mjipime. Mume wangu kazi yake iko uwanja wa ndege, mie niko dukani Darajani, mjini, watoto watatu, mkubwa kidato cha pili, wa kati darasa la nne, mdogo yuko maandalizi. Gari hatuna, tuna vespa moja ambayo siku nyengine inawaka na siku nyengine inatusukumisha mpaka jasho litutoke. Kama una gari lako soma tu lakini hesabu zako zitakuwa nyengine.

Jambo ambalo dalali hatokwambia ni kwamba hapa Unguja huhamii mtaa, unahamia njia. Mji uko ukingoni mwa bahari, watu wote wa pembezoni wanaingia kwa upande mmoja, ni kama kutoka msikitini Ijumaa wote mnagombania mlango ule ule. Ukikaa kaskazini utapita Mtoni, ukikaa Mwera utapita Amani, ukikaa Fuoni huna ujanja lazima Mwanakwerekwe, na ukikaa upande wa uwanja wa ndege utapita Kiembesamaki uje Kilimani. Na watu si wale wa zamani. Mkoa wa Mjini Magharibi sensa ya 2012 ulikuwa na watu 593,678, sensa ya 2022 ikatoka 893,169, yaani karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hao wengi hawakwenda kukaa Mji Mkongwe, wamejazana huku huku tunakotafuta sisi. Kwa hivo usiulize "nyumba ikoje" kabla hujauliza "njia ikoje saa kumi na mbili unusu asubuhi".

Bububu na Fuoni, njia kwa njia

Hizi mbili ndo watu wanazishindanisha sana kwa sababu kodi zao hazipishani mbali na zote ziko karibu karibu na mjini, Bububu ni kama kilomita 10 tu. Kwenye ramani utaona sawa. Kwenye kituo si sawa.

Bububu gari zipo, daladala za namba 502 haziishi, na njia ni moja imenyooka mpaka Darajani, hubadilishi gari. Hilo kwa mtu wa dukani kama mie lilikuwa raha. Tatizo ni kwamba Bububu sahivi si mwisho wa njia kama zamani, watu wamejaa Chuini, wamejaa Kama, mpaka Mfenesini huko, kwa hivo asubuhi gari inakufikia imeshajaa. Nnamkumbuka mwanangu wa kati na begi lake mgongoni, konda kashika mlango anasema "mwanafunzi mmoja tu, mmoja tu!" na pale wamesimama saba. Mwanafunzi nauli yake ndogo, konda anahesabu siti, mtoto hana pa kupeleka malalamiko. Akipita mmoja wengine wanangoja, ikija ya pili hivo hivo. Mwisho tukajifunza kugeuza, yaani unapanda gari inayokwenda juu unageuka nayo ndo upate kukaa, unalipa mara mbili lakini unafika. Sasa chukua hiyo nauli ya ziada, tuseme shilingi 400 tu kwa kichwa, zidisha na vichwa viwili, zidisha na siku 22 za mwezi, ni 17,600, na hiyo ni ya asubuhi peke yake. Ndo maana nawaambia watu kodi ya Bububu ina kodi nyengine ndani yake.

Fuoni gari pia zipo, ila unakwama Mwanakwerekwe. Pale kuna soko, kuna makaburi, kuna njia zinazokutana, kuna kila kitu, na kila mtu wa Fuoni, Kwarara, Jumbi mpaka Tunguu anapita hapo hapo. Mvua za masika ndo ilikuwa balaa, maji pale Mwanakwerekwe yakituama gari zikipita kama madau. Na ndani ya Fuoni yenyewe pana Kibonde Mzungu, zamani mvua kubwa ikinyesha njia inakatika kabisa, watu wanalala upande wa pili, mpaka likajengwa daraja ndo tukapumua. Mitaro mikubwa nayo ilijengwa mjini kwa ule mradi wa huduma za mjini, ZUSP, na imesaidia sehemu nyingi, hilo niseme kweli, lakini maji yana akili yake, ukiyaziba hapa yanatafuta pengine.

Hapa nna kijambo kidogo. Sikiliza majina. Wazee wetu hawakuita mahali ovyo, ukisikia Kibonde, Ziwani, Mtoni, Mto Pepo, Daraja Bovu, ushaambiwa. Dalali atakuonesha kiwanja mwezi wa Januari kimekauka mchanga mweupe, weye muulize bibi anaekaanga mandazi hapo pembeni, "mvua ya masika maji yanafika wapi?" Atakuonesha kwa mkono ukutani.

Na mtihani wa njia hasa ni Ramadhani. Saa kumi na moja jioni mji mzima unataka kufika nyumbani kabla ya adhana ya Magharibi, kila mtu ana kifuko cha tende na ndizi mkononi. Kuna siku nimefuturu ndani ya daladala Mwanakwerekwe, konda ndo alienigaia maji. Bububu haijanitokea hiyo, nimechelewa lakini nimekuta uji bado wa moto. Kwa hivo kwenye njia, mie nampa Bububu, kidogo.

Maji, hapa ndo ndoa zinapotikisika

Upande wa kaskazini una sifa ya maji tangu zama za Sayyid Barghash, alietawala 1870 mpaka 1888, yeye ndie alievuta maji ya mfereji kutoka chemchem za huko kuleta mjini. Watu wa Bububu wanapenda kukukumbusha. Lakini kukaa karibu na chemchem si kukaa karibu na mfereji! Kwa wakwe zangu maji yalikuwa yanakuja vizuri, nyumba ya tatu kutoka hapo juu ya kilima hawapati mpaka pampu. Mtaa ule ule.

Fuoni tulipokaa maji yalikuja saa nane za usiku. Si mfano huo, ni saa nane kweli. Nikisikia mfereji unakoroma, kho kho kho, unatoa upepo kwanza, naamka, natega ndoo, madumu, mapipa, sufuria la pilau, mpaka beseni la mtoto, halafu nalala saa tisa unusu naamka tena alfajiri. Miaka mitatu. Mwenye nyumba alituahidi tangi la juu tangu siku tunalipa ile kodi ya miezi sita, tangi likaja siku tunahama, wamewekewa wengine.

Kisauni tuna tangi na kisima cha pamoja nyumba nne, umeme ukikatika pampu imekufa lakini walau tangi lina akiba ya siku mbili. Kwa hivo ukienda kuangalia nyumba, popote pale, usifungue mfereji mbele ya dalali ukafurahi. Angalia nje ya nyumba za jirani. Ukiona madumu ya njano yamepangwa foleni ukutani, jibu ushalipata.

Umeme mfupi tu: hakikisha una mita yako ya TUKUZA, ile ya kununua umeme kabla ya kutumia. Nyumba tatu mita moja ni ugomvi kila mwezi, huyu ana friji, yule ana pasi, huyu anasema mie natumia taa tu.

Watoto

Mtu akiniuliza mtaa mzuri kwa familia namuuliza, mtoto wako akitoka skuli saa sita anafikia mikononi mwa nani? Skuli nyingi za serikali huku zinasoma mikondo miwili kwa wingi wa watoto, mmoja asubuhi mwengine mchana. Zimejengwa skuli za ghorofa miaka hii na zimepunguza msongamano, lakini usitegemee watoto wako watatu watakuwa mkondo mmoja. Wangu Fuoni mmoja alikuwa asubuhi mmoja mchana, maana yake nyumba haikai bila mtoto mdogo na mtu mzima hayupo. Alietuokoa ni jirani, mama mmoja anauza urojo barzani kwake, watoto wakitoka wanafikia pale, wanakula, wanabadilisha nguo, wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Sikuwahi kumlipa kitu zaidi ya kanga ya Idi.

Na hapa Fuoni inaishinda Bububu na inaishinda hata Kisauni ninapokaa. Fuoni watu wamebanana, nyumba kwa nyumba, watoto wengi, vyuo vya Kurani viko kila kona, mtoto akipotea nusu saa ushapigiwa simu. Kisauni kuna mageti. Watu wazuri lakini kila mmoja na ukuta wake, mwezi wa kwanza nilikuwa sijui jirani yangu ana watoto wangapi. Na ndege! Zinapita juu ya bati mpaka tunanyamaza kwenye mazungumzo, mwanangu mdogo sasa akisikia tu anajua hii ya asubuhi, hii ya watalii, wageni wakija wanashtuka sisi tunaendelea kula.

Bububu iko katikati, sehemu za ndani bado kuna minazi na uwanja wa kuchezea mpira, ila ile barabara kuu imewakaribia sana na magari ya watalii yanakwenda mbio kaskazini. Ukipata nyumba Bububu kaa upande ule ule ilipo skuli, mtoto asivuke. Hilo ni la kwanza, kodi ya pili.

Hospitali sitasema sana, zimejengwa za wilaya, Mbuzini, Magogoni, Mwera Pongwe, siku hizi si lazima kila homa uende nayo hospitali kuu ya Mnazi Mmoja. Ila usiku wa manane na mtoto ana degedege, ukiwa na gari ya jirani uko sawa na usipokuwa nayo uko mbali, popote ulipo.

Kuna na hili ambalo watu hawalihesabu, shughuli. Harusi, maziko, hitma, arubaini, kuzaa, kwetu zote ziko Mjini na Ng'ambo huko. Nikiwa Bububu mwezi wa harusi nilikuwa natumia nauli kuliko chakula. Ukihama usihesabu nauli ya kazi peke yake, hesabu na ya ukoo wako.

Kisauni, Tomondo na Chukwani

Kwa pesa, upande wa Mbweni, Mazizini na Kiembesamaki msahau kama mna mshahara kama wetu, kule kodi walizoea kuzungumza kwa dola. Ukivuka kwenda Tomondo na Kisauni inashuka, si kama Fuoni lakini inavumilika. Chukwani ilikuwa rahisi zamani, sasa lipo Baraza la Wawakilishi, kipo chuo kikuu, nyumba zinapanda na kodi zinapanda nazo, na ukienda mbele mpaka Buyu ni kuzuri kweli, upepo wa bahari, lakini gari usiku ni za kuvizia.

Sababu ya sisi kuwa Kisauni ni moja tu, mume wangu anakwenda kazini dakika kumi, na kwa mguu anafika vespa ikigoma. Mie napanda daladala ya 505 naingia mjini. Kwa hivo kati yetu wawili ni mmoja tu anaepambana na foleni, mwengine yupo karibu na watoto ikitokea dharura. Huu ndo upande wangu nilosema ntausema. Kodi tunalipa zaidi kuliko Fuoni, lakini nilipojumlisha nauli zetu zote za Fuoni, pamoja na bodaboda za kuchelewa, tofauti ilibaki ndogo sana na usiku nnalala. Kama nyinyi wawili wote kazi iko Malindi au Darajani, Kisauni haina maana kwenu, nendeni kaskazini. Na kama mmoja ni mwalimu au mfanyakazi pale vyuo vikuu vya Tunguu, Fuoni na Jumbi ndo kwenu, asubuhi mnakwenda kinyume na foleni, magari yote yanakuja mjini nyinyi mnatoka, raha tupu.

Fumba watu wananiuliza kwa sababu ya zile nyumba mpya za kisasa. Kuzuri, kusafi, njia ya lami, lakini zile si za sisi wa mishahara ya kawaida, na vijiji vyenyewe vya Kombeni, Dimani na Fumba kujenga kuna kazi maana ardhi ni mawe. Rafiki yangu alinunua kiwanja kwa bei ya kuchekesha, halafu fundi alipoanza kuchimba karo la choo siku ya tatu nyundo ikagonga jiwe, wakachimba wiki mbili kile kilichotakiwa siku mbili. Bei ya kiwanja cha mawe si ile unayoambiwa. Wenzao wa Fuoni bondeni wana tatizo jengine, udongo unachimbika kama keki lakini masika karo linajaa maji kwa chini na harufu inakuja mpaka ukumbini.

Mwera na Kianga, kwa anaetaka kujenga pole pole

Kama hamtaki kupanga, mnataka kiwanja mjenge tofali kwa tofali, mie nawapeleka njia ya Mwera. Udongo mzuri, kuna baridi, dada yangu nyuma ya nyumba ana mihogo, migomba na mchaichai, mboga hanunui. Kodi ni ndogo kuliko kote nilikokutaja. Gari zipo ila jioni sana zinapungua, na ukiingia ndani ya lami kama nusu kilomita ushakuwa mtu wa bodaboda, masika matope mpaka kwenye magoti.

Lakini kiwanja cha Unguja si kitu cha kukimbilia, tena huku ndo zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iliwagaia watu mashamba ya eka tatu tatu walime, na huku Magharibi mengi ya mashamba hayo ndo yanayokatwa viwanja na kuuzwa sasa na watoto na wajukuu. Ardhi kwa sheria ya 1992 ni ya serikali, mtu ana haki ya kuitumia, kwa hivo kikaratasi cha kuandikiana mbele ya mashahidi wawili na chai ya tangawizi si hati. Nenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, uliza shamba lilikuwa la nani, warithi wangapi, wote wanajua? Kisha nenda Kamisheni ya Ardhi. Na uliza kama ni eneo la vianzio vya maji, watu wamejenga wakaambiwa wabomoe. Halafu kuna hili la kwetu ambalo mgeni linamshinda, ardhi yaweza kuwa na mtu na mti ukawa na mtu mwengine. Unanunua kiwanja una minazi mitano, siku ya kuangua anakuja mzee na kamba anapanda bila hodi, ukimuuliza anakwambia miti hii kapanda marehemu baba yake. Na anaweza kuwa na haki.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu nnavyoona mie: njia ya kuja Darajani, Bububu. Majirani na watoto, Fuoni, haina mpinzani. Maji na usingizi, Kisauni, lakini itategemea nyumba. Bei, Mwera. Hakuna inayochukua zote na anaekwambia ipo huyo ni dalali. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda ukalale huko usiku mmoja kwa jamaa yeyote ulienae, uamke nao, utege gari nao saa kumi na mbili, ikiwezekana siku ya mvua.

Sisi wenyewe hatujamaliza. Dada yangu katuonea kipande karibu na kwake, futi 40 kwa 60, bei tunaiweza kwa mafungu, katikati kuna muembe mkubwa ambao watoto washauhesabu wao tayari. Sheha kaniambia niende Jumamosi asubuhi na mzee mwenye shamba awepo, kwa sababu kuhusu ule muembe kuna maneno.